Komeo Lililopinda

Nikisema mlango umekwama, watu wa Kinondo hucheka, na wana haki yao. Mimi Tumu binti Mbwana ndiye somo niliyewafunda mabiarusi wengi wa pwani hii, kuanzia Galu mpaka Gazi, na kazi yangu ya mwisho katika kila arusi ni ileile. Bwana arusi anapokuja kumpa mkono mke wake, mimi huwa ndani na biarusi, mlango nimeukomea, na hafunguliwi mtu mpaka atoe kifungua mlango cha kuniridhisha. Masomo wengine hutumia nyimbo na mafumbo. Mimi hutumia uongo mmoja tu. Huwaambia, "Jamani, mlango umekwama!" Hapo hucheka, hunipitishia kitu kingine chini ya mlango, leso ya maana au kichupa cha manukato, na mlango hupona papo hapo.

Kwa hiyo siku ya arusi ya Yusra, mlango ulipokwama kweli, nilikuwa nimeshajikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Nyumba ya kina Yusra ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, na milango yake ni ya mbao nzito ambayo huvimba kila masika. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nilipoufunga mlango wa chumba ilibidi niupige nyonga ndipo ukakaa mahali pake, kisha nikalisukuma komeo la chuma likaingia kwenye pete yake kwa shida. Sikujali. Nilitaka hao watu wa bwana arusi, wa Msambweni, wajue wamekuja kwa nani.

Ndani tulikuwa wawili tu. Yusra alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na nguo yake ya kijani, mikono imejaa hina na piko aliyochorwa kutwa nzima, haongei. Chetezo kilikuwa sakafuni kinafuka udi. Dirisha lilikuwa dogo, lina nondo, na chini yake vijana walikuwa wameliweka jenereta la kuendeshea spika, maana stima zilipotea na mvua. Simu yangu ilikuwa katika mkoba wangu, na mkoba alinishikia Bi Esha, mama yake Yusra, kule ukumbini. Simu ya Yusra nilimnyang'anya mwenyewe siku alipowekwa ndani, kwa sababu biarusi hafundwi huku anachezea simu. Mambo yote niliyapanga mimi, na niliyapanga vizuri kabisa.

Nikaha ilikuwa imeshasomwa msikitini adhuhuri. Bwana arusi, Tofiki, fundi wa mafriji katika hoteli za Diani, alifika baada ya alasiri na jeshi lake la marafiki. Nikawazungusha kama kawaida yangu. Wakapitisha leso chini ya mlango, pale katikati ambapo sakafu imelika kwa miguu ya miaka mingi pakawa na mwanya. Nikasema leso hiyo mimi hufungia maandazi. Wakapitisha nyingine, na udi, na manukato. Vigelegele vilipigwa, nami nikaridhika, nikasema, "Haya, nafungua."

Nikalishika komeo. Halikwenda.

Nje walikuwa wameshasikia kwamba nafungua, basi wakaanza kusukuma. Mlango ule hufunguka kuja ndani. Kila waliposukuma, mbao ililigandamiza komeo kwenye pete, nami nikivuta ni kama navuta kitu kilichochomelewa. Nikapaza sauti, "Msisukume! Mlango umekwama!"

Kicheko nilikisikia juu ya spika na jenereta.

"Bi Tumu huyo!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Hajatosheka! Muongezeni!"

Kichupa kingine cha manukato kikabingirika mpaka miguuni pangu.

"Sitaki manukato! Wallahi umekwama!"

"Muongezeni na leso!"

Nikaapa kwa kila ninachokijua. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka, na wale waliokuwa mbali wakaitwa waje wasikie, maana Bi Tumu leo ametia fora. Nikaenda dirishani nikaita. Jenereta likanijibu kwa moshi wake. Uani niliona migongo ya wapishi na turubai la buluu lililojaa maji, na hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Baadaye nikasikia sauti ya yule rafiki yake Tofiki, kijana anayeitwa Mramba, anayefanya kazi naye hotelini na anazungumza kama watu wa Ukunda wa siku hizi. "Buda, hawa wamama wanatucheza. Tupige bega moja tu, hii kitu inafunguka."

"Haya," sauti nyingine ikasema. "Sukumeni."

Bega la kwanza lilipopiga, komeo lilipinda mbele ya macho yangu. Vumbi la chokaa likanimwagikia kichwani.

Niseme jambo hapa, hata kama litamshangaza mtu. Mimi naogopa chumba kilichofungwa. Watu hunitania kwamba maisha yangu ni kukomea milango, lakini komeo nikiliweka mimi huwa najua nitalitoa mimi, na hilo ndilo linaloniwezesha kusimama pale na maneno yangu ya kejeli. Siku hiyo, nilipoona chuma kimepinda, pumzi zilinikatika. Moshi wa udi ulikuwa mzito, na wa jenereta uliingia juu yake. Nikamwaga maji ya birika kwenye chetezo, na badala ya kuzima vizuri kikatoa wingu jingine la majivu. Nikaanza kukohoa, machozi yakinitoka, huku nje wakiimba nyimbo za kunisifu.

Bega la pili likapiga, kisha teke. Teke nalijua. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa mateke. Mimi mwenyewe hakunipiga sana. Alipiga milango, alipiga masufuria, alipiga kuta, na mimi nilijifunza kuijua hali yake ya siku hiyo kwa namna alivyoufungua mlango wa uani. Mtu hawezi kusahau masomo ya namna hiyo.

Nilipogeuka, Yusra hakuwa kitandani. Alikuwa amejibana katika kona, kati ya kitanda na ukuta, magoti kifuani, piko yote imejipaka kwenye nguo.

"Somo," akaniuliza, "ni yeye?"

"Yeye nani?"

"Anayepiga."

"Sijui, mwanangu. Ni vijana tu hao, wamechangamka."

"Dada Hadiya naye aliambiwa ni kuchangamka."

Hadiya ni dada yake mkubwa, aliolewa Waa, na arusi yake pia mimi ndiye niliyekuwa ndani. Alirudi kwao na mkono uliovunjika. Wakati huo alikuwa uani anapakua biriani, na mkono ule mpaka leo haunyooki sawasawa.

Nikachuchumaa mbele ya Yusra. "Humtaki?"

"Simjui. Nimemwona akija na wazee, amekaa mkekani anakunywa chai. Mtu anayekunywa chai mbele ya wazee utamjuaje, somo? Wote hunywa chai vizuri."

"Lakini uliulizwa. Ami yako Alfani alikuja na sheikh, ukaulizwa."

"Nikanyamaza. Nilikuwa natafuta maneno. Kabla sijayapata wakasema amekubali, wakainuka." Akajifuta pua kwa mgongo wa kiganja. "Sasa nasikiliza. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia. Akiingia kwa kuvunja mlango, mimi siendi naye Msambweni. Wanibebe kama gunia kama wanataka. Kesho nitakwenda kwa Kadhi, Kwale, na watu waseme watakalosema."

Hakuyasema kwa hasira. Aliyasema kama mtu anayetaja bei ya unga, na hapo nikajua kwamba hatanii. Nilikuwa nimemfunda siku zote zile: mume akikasirika, nyamaza, akipaza sauti, mpishe, nyumba hujengwa na mwanamke mwenye subira. Maneno hayo yote yalikuwa yamejipanga mdomoni mwangu, tayari. Sikuweza kutoa hata moja.

Mlango ukapigwa tena. Juu yake, kutoka kwenye kizingiti cha juu mpaka karibu na dari, ukatokea ufa. Haukuwa mpana, lakini haukuwapo asubuhi. Nyumba za matumbawe hazipendi kutikiswa. Mbao ile ya juu ya mlango ndiyo iliyobeba mawe yote ya ukuta ule, na sisi tulikuwa chini ya mawe hayo.

"Leteni mtaimbo!" Mramba akasema nje.

"Jamani, nyumba yangu!" Hiyo ilikuwa sauti ya Bi Esha, na haikuwa ya kucheka tena. "Tumu, fungua basi, mzaha umekwisha!"

"Esha, mimi si mzaha!" nikalia. "Esha, umekwama kweli!"

"Tumu, tafadhali!"

Rafiki yangu wa tangu utotoni, tumecheza kibe pamoja, na hakuniamini.

Hapo nikapandwa na wazimu. Nikachukua jiwe la kusagia liwa la kumpaka biarusi, nikaanza kulipiga komeo kwa chini, nikilitukana. Nililipiga kwa ajili ya Esha, na Mramba, na mume wangu aliye kaburini. Likapinda zaidi. Pigo la mwisho likaniponda kidole, jiwe likaanguka, nikakaa chini nikiwa nimekishika kidole kwapani, nikilia kwa sauti. Nje wakasikia mapigo yangu wakadhani ndiyo nyimbo zimekolea, wakajibu kwa mapigo yao.

Yusra akatoka kwenye kona yake. Akanishika bega.

"Somo, kaa hapo. Usiguse kitu."

Msichana niliyemfundisha namna ya kukaa, akaniambia nikae. Nikakaa.

Akalitazama komeo kwa muda mrefu bila ya kuligusa. Kisha akapiga magoti mlangoni, akalala kifudifudi juu ya sakafu yenye majivu na maji, na nguo yake ile ya kijani, akautoa mkono wake wa kulia nje kupitia ule mwanya. Aliutoa mpaka kwenye kifundo. Akauacha pale, kiganja kimetazama juu, kwenye sakafu ya ukumbi iliyojaa miguu ya wanaume.

Nilishika kichwa. Ule ndio mkono ambao mtu alitoka Msambweni kuja kupewa, na haupewi hivyo. Tena mtu mmoja tu akikosea hatua, vidole vile vimekwisha.

Nje mwanamke mmoja akapiga ukelele. "Mkono! Mkono wa biarusi! Mtamkanyaga!"

Kusukuma kukakoma. Mtu hawezi kupiga bega bila kukita mguu, na pale pa kukita mguu palikuwa na mkono. Niliwasikia wakirudi nyuma, wakigongana. Spika zilikuwa bado zinaimba zenyewe.

Kivuli kikaziba mwanga wa mwanya. Mtu alikuwa amechuchumaa upande wa pili.

"Yusra?"

"Ni mimi."

"Umeumia?"

"Bado. Mlango umekwama kweli. Somo hasemi uongo leo. Mkisukuma, komeo linabanwa, halitoki. Na ukuta umepata ufa."

Nikajua anautazama mkono. Nilingoja aushike, maana ni mkono wa mke wake na kila mtu ametazama. Hakuushika.

"Ngoja," akasema. Kisha akapaza sauti, "Zimeni jenereta! Na huo mtaimbo, Mramba, rudisha ulikoutoa."

"Buda, dakika moja tu na tumemaliza..."

"Rudisha."

Jenereta likazimwa. Ukimya ulioingia chumbani ulikuwa mkubwa hata nikasikia maji yakidondoka kutoka kwenye turubai uani. Yusra akaurudisha mkono wake ndani, umejaa vumbi, lakini hakuinuka.

"Wewe ulikuwa unasukuma?" akauliza.

Nilimkonyeza anyamaze. Hilo si swali la kumuuliza mtu siku ya arusi yake.

"Ndiyo," Tofiki akajibu. "Mimi ndiye niliyesema sukumeni. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa. Kaka zangu wote walisukuma."

"Hadiya pia mlango wake ulisukumwa."

"Nimesikia habari za Hadiya." Kivuli chake kikasogea. "Niambie nifanye nini. Huku mimi sioni kitu."

Yusra akainuka, akajifuta mikono kwa leso iliyotolewa kuwa kifungua mlango, akachukua kidau cha mafuta ya nazi niliyompikia mwenyewe kwa ajili ya nywele zake. Akayamimina kwenye komeo, na mengine kwenye pete, akayaacha yashuke polepole.

"Shika ile pete ya nje ya mlango," akamwambia. "Uuvute kwako."

"Kwangu? Si utazidi kufunga?"

"Vuta kwako. Kidogo tu. Halafu uinue."

Wanawake wakanong'ona nje. Mtu anataka kuingia, anaambiwa avute mlango ufunge zaidi! Lakini niliona kwa macho yangu: mbao iliposogea kwake, komeo likapumua. Yusra akalishika komeo kwenye kichwa chake cha chuma akaanza kulizungusha, huku na huku, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Lilikuwa limepinda, kwa hiyo lilikubali kupita likiwa limelala upande mmoja tu, na upande huo haukuonekana kwa macho. Ilibidi autafute kwa vidole.

"Inua. Basi. Usiongeze. Shusha kidogo... hapo. Kaa hapo hapo."

"Mikono imechoka," Tofiki akasema.

"Na yangu pia."

Kazi ile ilikwenda hivyo, na ilikwenda kwa muda mrefu. Joto lilikuwa la kupikia mkate. Komeo lilisogea kiasi cha upana wa ukucha, kisha likagoma, kisha likasogea tena. Mimi nilikaa kitandani nikiwa nimekumbatia kidole changu, nikitamani kusema vuta, kaza, maliza, na kila neno lililonijia nililiona kuwa ni la kusukuma. Nikalimeza. Sijawahi kukaa kimya kiasi hicho tangu nizaliwe, na ilikuwa adhabu.

Nusu ya komeo ilikuwa imeshatoka nilipomsikia Tofiki akihema kwa nguvu. "Mbona bado? Yusra, acha nilimalize mara moja, limebaki kidogo tu."

"Tofiki, usi..."

Akasukuma. Halikuwa teke. Lilikuwa bega la mtu aliyechoka, na lilikuwa moja. Komeo likarudi pale pale lilipoanza, na chokaa ikaanguka kutoka kwenye ufa ikatua kitandani karibu nami.

Yusra akaliachia komeo. Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka alipogusa ukuta, akateleza akakaa chini. Uso wake ulikuwa umefungika kabisa. Nikasema moyoni, basi, yamekwisha. Kesho Kwale.

Nilingojea sauti ya Mramba, nikangojea mtaimbo. Nilingojea ile hasira inayokuja baada ya mtu kukosea, maana niliyeishi naye hakukosea hata siku moja bila ya kukasirikia kitu kingine.

"Nimeharibu," Tofiki akasema. Sauti ilitoka chini, pale kwenye mwanya. Alikuwa amelala sakafuni. "Nimeharibu mimi. Ulikuwa umekaribia kulitoa nami nimelirudisha. Nisamehe."

Yusra akaegemeza kichwa ukutani.

"Pumzika. Mimi nipo. Ukitaka tuanze tena, tutaanza. Usipotaka, nitamwita fundi aje afungue kwa juu, atoe jiwe moja moja, polepole, hata kama ni mpaka kesho, na mimi nitakaa hapa. Mtu hatagusa mlango huu."

Nilimtazama Yusra. Alikuwa anautazama mwanya. Alikaa hivyo mpaka nikadhani amelala macho wazi, kisha akainuka, akaongeza mafuta.

"Haya," akasema. "Vuta kwako. Inua."

Safari hii hakuna aliyemharakisha mwenziwe. Yeye akisema shusha, mlango ulishuka. Akisema ngoja, mlango ulingoja. Mara moja nilimsikia Tofiki akimwambia mtu nyuma yake, kwa upole, asogee asimguse. Kucha moja ya Yusra ilikatika na damu ikachanganyika na mafuta na piko, akainyonya akaendelea. Kisha, bila ya kishindo, bila hata ya kelele ya chuma, komeo likatoka kwenye pete.

Niliruka. Pumzi yangu yote ilikuwa kwenye mlango ule. Yusra akanizuia kwa kiwiko.

"Bado, somo."

"Limetoka?" Tofiki akauliza.

"Limetoka."

Kila mtu aliyekuwa ukumbini alisikia. Sasa kidole kimoja kingetosha. Mramba akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Si uingie basi, buda. Ni wako."

Nikakaza meno. Kusukuma kwa mtu aliyeshinda nakujua vizuri kuliko kusukuma kwa mtu aliyeshindwa, na huko ndiko kubaya zaidi. Nikautazama mlango, nikangoja uje.

Haukuja.

"Hodi," Tofiki akasema.

Wanawake wawili watatu wakacheka. Ni mume, nikaha imesomwa, kifungua mlango nimekipokea mimi mwenyewe. Nani amewahi kusikia mtu akipiga hodi kwa mke wake siku ya kumpa mkono?

Yusra alikuwa amesimama, mikono imelegea pembeni, mafuta yanamdondoka.

"Hodi."

Kicheko kikaisha. Niliziba mdomo wangu kwa kiganja, maana ulimi wangu ulikuwa umeshaanza kusema karibu kwa niaba yake, kama ami yake alivyosema amekubali.

"Hodi," mara ya tatu, kwa sauti ya chini zaidi.

Yusra akafumba macho.

"Haya," Tofiki akasema. "Nitakuja siku utakayoniita. Bi Esha, mama, kwaherini. Naomba mtu asimlaumu."

Nikasikia viatu vyake vya ngozi vikiondoka. Bi Esha akasema, "Yallah, aibu gani hii!" Mwingine akasema, "Mzuieni!" Viatu havikusimama.

"Anaondoka kweli," Yusra akanong'ona. Alikuwa amefumbua macho na amenishika mkono, akikibana kile kidole changu kibovu bila ya kujua. "Somo, anaondoka kweli?"

"Anaondoka, mwanangu."

Akaniachia. Akaushika mlango kwa mikono miwili, akauinua kidogo, akauvuta. Ulikwaruza sakafu ukafunguka, na mwanga na watu na upepo vikaingia kwa pamoja. Tofiki alikuwa ameshafika kwenye mlango wa nje, ametupa mgongo. Alipogeuka, niliona kanzu yake nyeupe ilivyokuwa nyeusi mbele yote, kutoka kifuani mpaka magotini, kwa sakafu ya ukumbini.

"Karibu," Yusra akamwambia.

Mimi sikungoja kuona zaidi. Nilipita katikati ya watu, sikuchukua leso, sikuchukua manukato, Esha akaniita sikuitika. Nikaenda uani, nikakaa juu ya kinu karibu na Hadiya aliyekuwa anapakua biriani, nikalia kama mtoto.

Hadiya akaweka upawa chini, akanitazama majivu yangu na kidole changu kilichovimba. "Ni moshi, somo?"

"Sio moshi," nikamwambia. "Amepiga hodi."